Mageni na Mstari Wenye Magugu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mageni alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akapiga magoti kuwaamkia wazazi wake. Mama yake alimtilia michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa sketi, naye akaitafuna njia nzima pamoja na Suzana, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Wote wawili walisoma darasa la sita katika shule ya kijiji cha Didia.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Kiingereza. Mwalimu Edson alikuwa kijana mcheshi aliyependa somo lake kupita kiasi. Siku za kufundisha nyakati za vitenzi aligonga meza kwa rula kama mpiga ngoma, na darasa zima likaitikia kwa pamoja: “I dig! I dug! I have dug!” Aliyepita nje angedhani ni kwaya inajiandaa kwa mashindano.

Katikati ya kwaya hiyo, Mageni alipanua mdomo kuliko wote. Alitikisa kichwa, alifuata rula bila kukosea pigo hata moja. Kasoro yake ilikuwa moja tu: sauti haikutoka.

Mambo yalianza muhula uliopita. Mageni aliugua malaria, akakosa masomo ya mwanzo ya nyakati za vitenzi. Aliporudi, Mwalimu alimwuliza atafanya nini kesho, naye akajibu kwa wakati uliopita. Darasa likaangua kicheko. Walicheka kidogo tu na wakasahau kabla ya mapumziko, lakini Mageni hakusahau. Tangu siku hiyo akawa bingwa wa kuimba bila sauti, na hakuna aliyemgundua, hata Suzana.

Siku moja Mwalimu Edson aliingia darasani uso ukimng’aa.

“Jumamosi ya wiki ijayo tunapata wageni,” alisema. “Wanafunzi wenzenu wa Shinyanga mjini wanakuja kututembelea. Kila mmoja wenu atapata mgeni wake, atazungumza naye Kiingereza, na mchana atampeleka kwao kula. Kiongozi wao anaitwa Bhumika. Huyo namkabidhi mtu ninayemtazama kila siku akitamka kwa bidii kuliko wote. Mageni, simama!”

Darasa lilipiga makofi. Mageni alisimama, akalazimisha tabasamu.

Nyumbani mambo yakazidi. Mama yake alipopata habari alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. “Mwanangu atazungumza Kizungu hapa hapa uwanjani kwangu!” alimwambia kila aliyepita. Akamchagua jogoo wa kuchinja, akaanza kumlisha vizuri. Kila Mageni alipomwona yule jogoo akinenepa, aliona siku ya aibu inakaribia.

Jumamosi ya wiki hiyo, kabla ya ile ya wageni, ilifika zamu ya kupalilia pamba ya baba yake, Mzee Mayala. Kama ilivyo desturi, kikundi cha majirani kilikuja na majembe na ngoma. Watu walijipanga, kila mmoja na mstari wake, ngoma ikalia, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja. Aliyependeza kuliko wote alikuwa Baba Mdogo Bujiku, ambaye alikuwa amerudi juzijuzi kutoka machimboni Geita na miwani yake ya jua. Alirusha jembe juu, akalidaka, akazunguka, akacheza. Watoto walimshangilia kweli kweli.

Walipofika mwisho wa shamba, ngoma ilinyamaza. Magesa, kiongozi wa kikundi, alirudi nyuma akikagua.

“Mstari huu ni wa nani?” aliuliza.

“Wangu,” alijibu Bujiku, akijifuta jasho ambalo halikuwepo.

“Mbona magugu yote yamesimama wima? Yanakusubiri uyaamkie?”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini sheria ya kikundi ilikuwa ile ile kwa kila mtu: aliyeacha magugu anarudia mstari wake peke yake, bila ngoma. Bujiku alivua miwani, akainama, akaanza upya. Safari hii jasho lilikuwepo.

Mageni alimpelekea maji. Baba yake mdogo aliyanywa yote, akashusha pumzi.

“Ngoma ni tamu, mwanangu,” alisema. “Unainua jembe na wenzako, unashusha na wenzako, unajiona na wewe unalima. Kumbe hulimi kitu!”

Mageni alitaka kucheka, akashindwa. Alichukua kikombe akaondoka, na siku nzima hakutaka kumwangalia yule jogoo.

Jumatatu alimfuata Mwalimu Edson ofisini kabla ya kengele.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Mageni. Umejiandaa?”

“Mwalimu, mimi siimbi.” Machozi yalimlengalenga. “Huwa nachezesha midomo tu, kama Baba Mdogo Bujiku aliyefuata ngoma shambani akaacha magugu kwenye mstari wake. Nyakati za vitenzi sizijui vizuri, na naogopa kuchekwa. Mpe Suzana yule mgeni.”

Mwalimu Edson aliweka kalamu chini. Alikuwa ameumia, na hakuficha. Aliitazama rula yake iliyokuwa mezani, akaisukuma kando.

“Umenisikitisha, Mageni. Lakini umenifurahisha zaidi kwa kuja mwenyewe,” alisema hatimaye. “Bhumika atabaki kuwa mgeni wako. Tuna wiki nzima. Tutafanya kazi.”

Asubuhi hiyo rula haikulia. Mwalimu alimtaka kila mwanafunzi asimame peke yake, aseme alichofanya jana, anachofanya sasa na atakachofanya kesho. Kisha aulize swali moja na kutoa amri moja. Kumbe Mageni hakuwa peke yake! Waliozoea kuchezesha midomo walikuwa wengi, akiwemo Suzana aliyejifanya mjuzi. Mwalimu alijishika kiuno.

“Basi hata mimi nilikuwa napiga ngoma tu, sikagui mistari,” alisema, na darasa likacheka pamoja naye.

Wiki hiyo Mageni hakupumzika. Kila jioni Mwalimu alimsaidia masomo aliyoyakosa alipougua. Njiani Mageni alisimulia kwa Kiingereza yote yaliyotokea shuleni, na Suzana akamsahihisha, au wakakosea wote wawili. Aliwapa mbuzi amri: “Stop! Come back!” Hawakumtii, lakini hawakumtii hata kwa Kisukuma. Maswali alimpelekea Baba Mdogo Bujiku, aliyejua neno moja tu la Kiingereza na kulitumia kwa kujiamini.

“Did you eat my michembe?”

“Yes!” alijibu Bujiku, na ilikuwa kweli.

Jumamosi wageni walifika. Bhumika alikuwa msichana mdogo wa umbo, mwenye sauti ya upole. Mageni alimkaribisha, akamtembeza shuleni, na mchana akampeleka nyumbani. Majirani wote walikuwa uwanjani. Mwalimu Edson alikaa karibu na Mzee Mayala. Mama alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akisubiri kusikia.

Bhumika aliuliza kwa Kiingereza wanafanya kazi gani shambani.

“Last Saturday we weed...” Mageni alianza, akasita. Alijua amekosea. Uwanja ulikuwa kimya, na midomo yake ilitaka kurudia mchezo wake wa zamani. Akavuta pumzi. “Last Saturday we weeded the cotton. Today we are eating with you. Next Saturday you will come with your hoe!”

Bhumika alicheka kwa furaha. “Is it difficult?”

“Very difficult! Ask my uncle.”

Bhumika alimgeukia Bujiku na kumwuliza swali lile lile. “Yes!” alijibu Bujiku kwa sauti kubwa, na safari hii hakuna ambaye hakucheka. Mama Mageni hakuelewa hata neno, lakini aliisikia sauti ya mwanawe ikiwa peke yake, bila kwaya. Alifuta machozi kwa ncha ya kitenge na kurudi jikoni kumpakua jogoo.

Wageni walipoondoka, Mwalimu Edson alimwita Mageni.

“Umeona?” alisema. “Ulikosea mbele ya watu, ukajirekebisha, na uko salama. Anayejificha nyuma ya wenzake hachekwi, lakini hajifunzi. Wewe ulisema ukweli mapema, ndiyo maana tulipata muda wa kupalilia.”

“Wabeja, Mwalimu,” alijibu Mageni, akimshukuru kwa Kisukuma kwa sababu moyo ulikuwa umejaa.

Jumatatu Mwalimu aliuliza nani ataanza. Mkono wa Mageni ulikuwa juu kabla Mwalimu hajamaliza kuuliza. Alisimama, akakosea mara moja, akajirekebisha, akaendelea mpaka mwisho.