Kitu Kinachogongwa

Rafiki yangu Jovinary wa Pasiansi alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta. Ndani yake kijana anakimbia kushoto na kulia, akirukia mawe ya ziwani. Tatizo ni kwamba kijana aligonga kitu mahali pasipo na jiwe, na spika ikalia du.

Jioni moja mvua ilitia giza chumbani, umeme ukakatika. Akaendelea kwa betri. Alifuta mawe yote. Kijana akagonga tena. Ndipo akawasha mistari inayozunguka kila kinachoweza kugongwa mchezoni, hata kisichoonekana. Mmoja ulimzunguka kijana. Mbele yake ulisimama mwingine, kimo cha mtoto.

"Umegusa nini?" mkewe Kemilembe, aliyesimama nyuma yake, akanong'ona. "Kinatembea."

"Sijagusa."

Mstari ule wa pili ulimwacha kijana, ukasimama katikati ya kioo cha kompyuta. Kisha ukaanza kukua, kama mtu anayekuja.