Kadi za Panya na Jani la Isale

Kila Jumamosi, Hilda alimkatia ng'ombe majani, akanawa miguu, kisha akateremka kutoka Kibosho hadi Moshi mjini pamoja na shangazi yake, Mektrida. Shangazi alikuwa mtafiti katika maabara ya panya. Hilda, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliruhusiwa kukaa karibu na mlango na kuchora, mradi asiguse kitu.

Jumamosi moja aligusa. Kwenye vizimba viwili zilining'inia kadi: KIJANA na MZEE. Shangazi alipotoka kidogo, Hilda alizitoa, akachora panya mwenye masharubu nyuma ya kadi moja. Mara akasikia hatua. Akazirudisha harakaharaka. Lakini ipi ilikuwa wapi? Panya wote walikuwa weupe, wanene. Akarudi mlangoni, akaendelea kuchora.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi jioni, Shangazi aliketi mezani akiwa na furaha tele.

"Baba, nimeona ajabu!" alimwambia Babu Rogath. "Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Ni kama shule. Humo chembe changa za kinga hufunzwa kupigana na magonjwa. Uzeeni shule hiyo husinyaa na wanafunzi hupungua. Ndiyo maana mafua yako hayaondoki upesi. Lakini panya wangu mzee, shule yake imefurika! Jumatatu nawaeleza wakubwa wangu."

"Anakula nini huyo?" Babu aliuliza. "Nami nipikieni."

Wote walicheka, isipokuwa Hilda. Aliusogeza kando mtori wake, supu ya ndizi na nyama.

Alfajiri alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la migomba, palipoota mimea ya isale, akachuma jani moja na kulifunga fundo. Wachagga huomba msamaha kwa jani hilo, na anayeletewa hakatai.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona isale? Umeua ng'ombe wa nani?"

"Nilichezea kadi za panya. Nadhani nilizibadilisha." Machozi yalimtoka.

Shangazi akakaa kwenye ngazi. "Kumbe! Nami nilishaanza kujiona nikihojiwa redioni." Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Nitapima panya wengine upya. Ni kazi ya mwezi mzima. Lakini ungenyamaza mpaka kesho, ningewadanganya watu wengi bila kujua."

Mwezi ulipokwisha, Shangazi alirudi na majibu. Panya wazee wote walikuwa na tezi ndogo na chembe changa chache. Vijana walikuwa nazo tele; kumbe yule 'mzee' wa ajabu alikuwa kijana. Akampa Hilda daftari jipya la kuchorea, na ndani yake ile kadi yenye panya wa masharubu.

"Huyu anafanana na babu yako," alisema akicheka. Kisha akamshika bega. "Kosa likisemwa hurekebishwa, Hilda. Likifichwa huzaa mengine. Mtafiti wa kweli husema mapema, 'Nimekosea.'"

"Kwa hiyo dawa ya ujana hakuna?" Babu aliuliza.

"Bado, Baba. Sisi tutanawa mikono tusikuletee mafua."

"Basi leteni mtori, nizeeke nimeshiba!"

Hilda alikuwa wa kwanza kwenda kunawa.