Nguzo ya Kumi na Moja

Mchoro wa padri ulikuwa na nguzo kumi, tano kila upande. Kanisa lilipokwisha lilikuwa na kumi na moja. Fundi mkuu Mathayo alipoulizwa, alijibu kwa kujidai kwamba ameongeza moja ili dari lisicheze. Mwongo mkubwa huyo.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, katika kijiji kimoja kipya cha ujamaa upande wa Mahurunga. Watu walijenga kwa kujitolea, miaka mitatu mfululizo. Mawe ya matumbawe yalitoka pwani, chokaa ikachomwa hapohapo, boriti za mikoko zikakatwa kule mto Ruvuma unakoingia baharini. Siku ya kupandisha boriti kubwa kamba ilikatika. Mwanamume mgeni, aliyetapakaa chokaa mpaka kwenye kope, akaidaka boriti kwa bega. Akawaambia wenzake waende wakale, yeye ataishika.

Mathayo alimwomba mkewe Helena, msimamizi wa masufuria, ampelekee mgeni tonge. Helena akasema chakula ni cha walioandikwa na balozi wa nyumba kumi. Waliovuka mto wakale kwao. Ukoko wa ugali akawakwangulia mbwa, na mlango wa kanisa ulikuwa wazi, mgeni anaona.

Waliporudi hawakumkuta. Chini ya boriti ilisimama nguzo, chokaa yake mbichi bado. Padri alipoisifu, Mathayo akaipokea sifa.

Mwezi haukupita, Veronika, binti yao pekee wa miaka saba, akaanza kuchelewa kurudi kutoka mafundisho ya dini kanisani. Pumzi yake ilinuka chokaa mbichi. Kumbe alikuwa akiilamba ile nguzo. Helena alimchapa wee, wapi. Nyumbani alimaliza ugali wake na wa wazazi wake, kisha analia njaa, na mbavu zinahesabika.

Adhuhuri moja Helena alimfuata, na kabla hajafika mlangoni akasikia kitu kinatafunwa, taratibu, kama mtu anayekula akiwa na siku nzima mbele yake, akaingia akamwona mtoto amekaa sakafuni mdomo umefumbwa, hatafuni chochote, na sauti ile ile inaendelea juu, karibu na boriti, mahali ambapo hata mtu mzima hafiki bila ngazi, na pale juu palikuwa na alama za meno.

Alikwenda Mikindani kwa siri kumwita mganga, Bi Mwaisha. Bibi aliweka sikio kwenye nguzo muda mrefu, akamvuta Helena nje.

"Mwanangu, jini huyu aliwashikia dari akiwa na njaa," alinong'ona. "Sasa anakula kwa kinywa cha mtoto wako. Bomoeni nguzo, atakwenda zake."

"Na kanisa?"

"Litaanguka. Mtoto atabaki."

Jumapili, baada ya misa, Helena alipiga magoti mbele ya waumini akaeleza yote, na kosa lake hakulificha. Walimsikiliza. Mzee wa kanisa akauliza nani anakubali nguzo ibomolewe. Mkono ukawa mmoja, wa Helena. Akauliza nani anakataa. Wa kwanza kunyoosha alikuwa Mathayo, na wengine wote wakamfuata. Njiani akamwambia mkewe kwamba mtoto watapata mwingine.

Veronika alikufa Jumatano. Tumbo lake lilikuwa gumu kama sakafu, na jeneza lile dogo lilibebwa na wanaume sita.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Walikuwa katikati ya wimbo Helena alipoingia na nyundo ya mumewe, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo akaipiga. Vumbi likamwagika. Akapiga tena. Wanaume wawili wakatoka kwenye mabenchi kumkamata, lakini kabla hawajamfikia alisikia sauti ndani ya jiwe, ndogo, karibu kabisa na sikio lake.

"Mama, usipige. Yeye ameondoka. Sasa dari nimelishika mimi."

Nyundo ikamponyoka.

"Ni zito, Mama. Nimechoka."

Helena akawatazama waliokuwa chini ya dari lile, benchi kwa benchi, mpaka la mbele alipokaa Mathayo. Kisha akaweka shavu lake kwenye chokaa.

"Liachie, mwanangu," akasema.