Aliyemsemea Shoto

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kukutana na Shoto. Huyu bwana alikuwa fundi wa makochi kwa miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa safi, hata mshindani wake wa ng'ambo ya barabara alikiri. Lakini karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala, simu yake ililala mezani kutwa, na hayo mazuri yake hayakujiuza hata kidogo. Yule wa ng'ambo alishona kwa kubahatisha, mito yake ikafumuka kabla ya mwaka, na bado magari yalipanga foleni mlangoni kwake. Shoto alijiuliza kwa nini kila asubuhi akifungua kufuli.

Siku aliyokwenda kuhuisha leseni ya biashara, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Alishika kikaratasi chenye namba mia moja arobaini na sita. Kiti cha jirani kilikuwa kimefumuka chini, sponji inaning'inia, na mikono ikaanza kumwasha. Akatoa sindano na uzi mfukoni, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya kiti.

Kipaza sauti kiliita namba yake mara tatu. Mara ya nne sauti ile ile ilimfikia kutoka nyuma ya mgongo wake.

"Mia moja arobaini na sita, umekuja kuchukua leseni au kutibu viti?"

Akajigonga kichwa akitoka. Mbele yake alisimama msichana mwenye shati la kazi la buluu, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, kitambaa cha njano shingoni. Alikuwa na mwanya, na kovu dogo lililoukata unyusi wake wa kushoto. Alicheka kabla hajamaliza kusema.

"Nisamehe, dada. Sikusikia."

"Na hilo fundo umelifunga kinyume."

"Mimi natumia mkono wa kushoto. Mafundo yangu yote yanageukia huko. Marehemu mwalimu wangu alinicheka mpaka anaingia kaburini."

Msichana akainama, akalivuta fundo kwa kidole. Halikulegea. "Basi Shoto, njoo dirishani kabla sijamwita mwingine."

Jina likamganda. Naye akambatiza Namba, jina ambalo hapana mwingine aliyelijua, na kabla ya mwezi kuisha walikuwa hawapitishi mchana bila kupigiana simu.

"Namba sifuri sifuri moja, fika dirishani tafadhali."

"Niko kazini, Namba."

"Kwani umepata mteja?"

"Yuko kunguru juu ya bati. Anaulizia stuli."

Namba alicheka. "Shoto wangu, kizuri hakijiuzi. Kizuri husemewa. Watu hapa wanakaa foleni saa tatu, kazi yao kuongea tu. Niruhusu nikusemee."

"Usinisemee. Nataka kazi yangu inisimamie yenyewe. Niahidi."

"Una kiburi, baba. Haya, nimeahidi."

Wiki iliyofuata simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mwenye viti arobaini. "Nimeelekezwa na mama mmoja tuliyekaa naye duka la dawa," alisema. Akaja daktari wa meno. "Mama mtu mzima, mvi tupu, kitambaa cha njano shingoni. Kaniambia, nenda kwa mume wangu." Akaja mwenye hoteli, na huyu alishusha sauti kama anayeogopa kusikiwa. "Ana mwanya, fundi, na kovu hapa kwenye unyusi. Anacheka kabla hajamaliza kusema. Niligeuka kupokea chenji, kurudi hayupo. Nikagusa kiti alichokalia. Kilikuwa baridi kama hakijawahi kukaliwa."

Ndani ya miezi miwili walifika kumi na mmoja, hawajuani, na wote walimtaja mama yule yule. Yeyote mwingine angeshukuru. Shoto alifanya hesabu yake ya haraka na akaikosea. Alikwenda kumngoja Namba kwenye ngazi za ofisi.

"Huyo mama unayemtuma ni nani? Mama yako?"

"Mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Unajua."

"Basi shangazi. Mwanya wenu, kovu lenu. Mpaka kovu mmemchora?"

"Shoto, sijamtuma mtu. Nilikuahidi."

"Miaka kumi na miwili ya kuchomwa na sindano, halafu ionekane nimebebwa na mwanamke."

Safari hii Namba hakucheka. "Kwa hiyo mimi ni mwongo," alisema, "na kubebwa na mimi ni aibu." Akafunga vizuri kitambaa chake cha njano, akarudi ndani. Shoto aliisikia sauti yake ikiita namba ya mtu mwingine.

Simu zilikatika siku ile ile. Hazikupungua, zilikatika. Mwezi, miwili, mitatu. Shoto alipiga mpaka kampuni ya simu kuuliza kama laini yake ni nzima. Ilikuwa nzima. Alimkumbuka Namba mpaka chakula kikamshinda, na kila alipoinua simu ampigie, moyo ulimuuliza: unamtaka yeye, au unawataka wateja? Hakuwa na uhakika wa kuujibu, basi akairudisha mezani. Mwishowe akakubali kazi ya kiwandani, mji mwingine, kupiga pini kwenye viti vya plastiki. Akaanza kufunga vyombo.

Asubuhi ya kuondoka, pikapu ikarudi nyuma mpaka mlangoni. Dereva alishusha kochi la watu wawili, kuukuu, mbao zimeiva na kuwa nyeusi.

"Mama mmoja kanipa," alisema. "Mwenye mwanya. Kasema fundi atajua cha kufanya. Na kasema nikwambie, kiburi hakina sponji, ukikikalia utaumia."

"Yuko wapi?"

"Si nilimpakia hapa mbele." Dereva akageukia kiti cha abiria. Kilikuwa kitupu, mkanda umefungwa. Alipanda garini bila kuaga.

Shoto alilipindua kochi, akachana kitambaa cha chini. Mkono ukasimama hewani. Mafundo yote yaligeukia kushoto. Fundi huijua mishono yake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, na ile ilikuwa yake, mmoja baada ya mwingine, imechakaa kwa miaka arobaini ya kukaliwa. Kwenye ubao wa ndani palikuwa na maandishi ya chaki, kwa mwandiko wake: *Kwa Namba wangu.* Chini yake tarehe. Ilikuwa tarehe ya wiki mbili zijazo.

Akalisimamisha tena, akalitazama pale watu walipokalia. Upande mmoja ulikuwa umebonyea kidogo. Upande wa pili ulikuwa umezama mpaka kwenye mbao, kama mtu aliukalia peke yake miaka mingi baada ya mwenzake kuondoka. Shoto aliweka kiganja pale, akalia. Swali la moyo lilikuwa limekwisha kujibiwa. Mtu aliyekwisha kuonyeshwa kwamba atakufa wa kwanza, na bado anakwenda, hafuati wateja.

Alikwenda ofisini na vumbi lake, akachukua kikaratasi, akangoja zamu kama watu wengine. Namba alipomwona dirishani alizima kipaza sauti.

"Umefuata nini? Simu hailii?"

"Hailii. Isilie tena. Nimefuata msamaha, na nimefuata kukuoa. Hukudanganya. Mimi ndiye niliyeona aibu kupendwa."

Alimweleza yote, mafundo, chaki na tarehe. Jambo moja tu alilificha. Bibi mmoja kwenye foleni nyuma yake akasema, "Mwanangu, mjibu, sisi tuna nafasi."

"Nionyeshe hilo kochi kwanza," alisema Namba, na sauti ilikuwa imeshaanza kucheka.

Walipofika karakana, hapakuwa na kochi. Palikuwa na alama nne za miguu kwenye vumbi, basi. Namba alizitazama, akajishika mikono iliyosisimka, kisha akamshika yeye.

"Litengeneze," alisema.

Alilimaliza siku ile ile iliyoandikwa. Aliandika kwa chaki ndani ya ubao, akafunga kitambaa cha chini, na simu iliyokuwa ikilia mezani hakuipokea. Namba alikaa upande wa kushoto, akajirusha kidogo, akakunja uso.

"Mbona wako laini, wangu umejaza sponji ngumu hivi?"

Shoto alikata uzi kwa meno, akakaa karibu naye.

"Wako utaukalia sana," alisema.