Mdudu Aliyeachwa Bila Jina

Jioni ile nilirudi kazini kufuata miwani tu. Nilikuwa nimeisahau mezani kwa furaha, kwa sababu siku hiyo jarida lilikuwa limefika na nilitoka mbio kulipeleka nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa kuandika wadudu. Msicheke. Kwa miaka mingi, katika chumba cha nyuma cha makumbusho, niliwapima mbawakawa, nikahesabu pingili za vipapasio vyao, na yule ambaye hakuna aliyewahi kumwandika, nikampa jina. Ndani ya jarida lile alikuwamo mmoja wa kwangu: mweusi, kutoka kisiwa cha mbali, vipapasio vyake virefu mara tatu ya mwili. Mpasua mbao wa kisiwani alimkuta ndani ya gogo, na mwenzangu aliyekuwa safarini kule akaniletea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Hatukuwa na mwingine.

Nilimpa jina la dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Wazazi walipotutoka, aliacha shule akashika cherehani ili mimi nisome. Sasa alikuwa amelala nyumbani kwangu na uvimbe tumboni, na daktari alikuwa amenivuta pembeni akaniambia miezi miwili. Nilitaka kumpa kitu kisichokufa. Nilipomwonyesha ukurasa ule, alicheka hadi akakohoa.

"Nimekulea miaka yote hiyo, shukrani yangu ni mdudu?" Kisha akaupapasa ukurasa kwa kidole. "Haya. Jina jema hung'aa gizani."

Basi nikarudi kufuata miwani. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi kidogo. Ndani palinuka naftalini, kama kawaida… na kitu kingine. Mbao mbichi, iliyopasuliwa sasa hivi.

Mtu alikuwa amesimama mbele ya kabati la wadudu. Alikuwa mtu mzima, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, nami nikadhani ni fundi wa madirisha. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyelipasua lile gogo kisiwani, na kwamba amesafiri siku nne ili aniwahi.

"Umeshampa jina?"

Nilimwambia, tena kwa kujivuna. Akaketi sakafuni taratibu, mgongo kwenye kabati.

"La mtu aliye hai?"

"La dada yangu."

Katika maandishi yangu nilikuwa nimesema kwamba wenyeji hawana jina la mdudu huyu. Mwenzangu aliwauliza, wakanyamaza, naye akadhani hawajui. Mpasua mbao akanieleza kwamba kwao kila mdudu ana jina, hata chawa wa kuku.

"Huyu tulimwacha. Si kwa kusahau. Ukimpa jina la mtu, analipokea… pamoja na mwenyewe."

Nikamuuliza amejuaje. Bila kuniangalia akasema kwamba ujanani alimkamata mmoja, akamwita kwa mzaha jina la bintiye, akamfungia ndani ya chupa. Ni kwa mdomo tu, si kwa wino. Mtoto akaanza kukosa hewa, hata walipomlaza uwanjani penye upepo. Yeye alipotambua sababu, alimtupa mdudu motoni.

"Na mtoto?" niliuliza.

"Alilia mpaka moto ulipozima."

Akaniomba nilifute jina. Nikamweleza sheria yetu. Jina likishachapishwa ni maji yaliyomwagika. Halifutwi na aliyelitoa wala na atakayekuja baada yake, na mdudu aliyelibeba lazima atunzwe milele.

"Yuko wapi?" akanong'ona.

Nilivuta droo. Nilikuwa nimemchoma pini kwa mkono wangu, upande wa kulia, ndivyo kazi inavyotaka. Miezi minane alikuwa amekauka, vipapasio vimelala mgongoni. Ndivyo nilivyomwandika.

Sasa vilielekea mbele.

Kichwa kikaitikia. Shingo ikasuguana na mwili.

Krii… krii…

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mpwa wangu, binti wa dada, ndiye aliyekuwa akimuuguza mama yake. Alisema mama hawezi kugeuka kitandani, ni kama amegongewa msumari chini ya bega la kulia.

"Na chumba kinanuka mbao, mjomba."

Mpasua mbao aliinuka, akajifuta vumbi. Alipofika mlangoni alisema neno moja tu, "Mtunze," akaenda zake. Sikumwona tena.

Huu ni mwaka wa tisa. Dada hali, wala hafi. Amekuwa mwepesi hadi mpwa wangu humwinua mabega kwa mkono mmoja kubadilisha shuka. Daktari alikuja, akaja tena, kisha akaacha kuja. Jioni dada huitikia kwa kichwa, polepole, na shingo yake hutoa sauti ile. Niliwahi kujaribu kuichomoa pini, nikaivuta kidogo tu. Nilipofika nyumbani, godoro lilikuwa limelowa damu. Tangu hapo kazi yangu ilikuwa kubadilisha naftalini, wadudu wadogo wasije wakamla.

Mwezi uliopita nilistaafu. Nilimkabidhi ufunguo mrithi wangu, mwanamke makini anayeipenda kazi, nikamweleza yote. Akanimiminia maji, akaniambia kustaafu ni kugumu kwa kila mtu.

Juzi akanipigia kunipa habari njema. Wataalamu wa nchi nyingine wanataka kuchunguza ukoo wa yule mbawakawa wangu. Hawatamharibu, alisema. Wameomba mguu mmoja tu, wa nyuma, wa kushoto, wakausage kwenye maabara. Ameshawakubalia. Ataukata kesho asubuhi.

Nilimsihi mpaka akakata simu. Leo nilikwenda, mlinzi akanirudisha getini kwa upole, akiniita mzee wangu.

Dada hajasema neno tangu mwaka jana. Jioni hii, nilipoingia na taa, alifumbua mdomo.

"Mdogo wangu," alisema. "Nishike mguu."

Sikumuuliza upi. Nimeketi mwisho wa kitanda, nimeushika kwa mikono yote miwili.