Miwani ya Kipanga

Kila asubuhi nyumbani kwao mambo yalikwenda kwa utaratibu uleule. Birika lilipiga mluzi jikoni, mama alitafuta funguo alizokuwa amezishika mkononi, na Kipanga aliulizwa kama amepiga mswaki. Alijibu ndiyo, kisha akaenda kupiga mswaki.

Wiki ile, hata hivyo, kulikuwa na kichekesho kipya. Mama yake, daktari bingwa wa upasuaji wa macho, mtu ambaye walinzi wa hospitali walimfungulia geti hata kabla hajapiga honi, alikuwa amerudi shule. Madaktari wa macho kutoka hospitali mbalimbali walikusanywa kwa mafunzo ya kazini kuhusu namna ya kurekebisha uoni wa mtu tangu utotoni hadi uzeeni. Mama alikuwa na mkoba mpya, kalamu mpya, na hofu ya kuchelewa kipindi cha kwanza.

"Mwanafunzi," Kipanga alimwita kwa sauti ya mwalimu wa zamu, "kazi ya nyumbani umemaliza?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Umenakili kwa nani?"

"Kula mkate wako, wewe!" Mama alicheka. "Mimi sisomi kwa kupenda viti vigumu. Mashine zinabadilika, dawa zinabadilika. Mtoto anayekuja kwangu leo nitakutana naye tena akiwa na miaka arobaini, hawezi kusoma maandishi madogo, na tena akiwa mzee mwenye ukungu machoni. Kila umri una tiba yake. Nikikosea leo, yeye ndiye atakayeishi na kosa langu."

Kipanga alisukuma miwani yake juu ya pua kwa kidole kimoja, kama wanavyofanya wasomi, akatikisa kichwa kwa uzito.

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Msichana huyu aliitwa Kipanga kwa sababu macho yake yalikuwa makali kama ya ndege huyo. Darasani yeye ndiye aliyemwona mwalimu mkuu angali mbali, akakohoa, na wenzake wote wakainamia vitabu kama malaika. Macho hayo hayakuwa na ugonjwa wowote.

Ila muhula uliopita alihamia darasani mwanafunzi mwenye miwani. Kipanga alimchunguza kwa makini akagundua mambo mazito. Kwanza, mwenye miwani akinyamaza, walimu hudhani anafikiri. Pili, hapangiwi kufagia uwanja, kwa sababu ya vumbi. Basi jioni moja akamwambia mama yake kwa unyonge, "Mama, siku hizi ubao unaniletea ukungu."

Mama alimpima mwenyewe kliniki, wagonjwa walipokwisha kuondoka. Kipanga alizisoma herufi kubwa vizuri, akababaika kwenye za kati, na alipofika kwenye zile ndogo akakunja uso kwa ufundi ambao ungemfaa mwigizaji. Akapata miwani.

Raha yake haikudumu. Kichwa kilimgonga kila alasiri, na rafiki yake wa dawati moja hakumpa heshima aliyoitegemea. "Profesa," alimwambia, "miwani umevaa, lakini hesabu bado umekosa."

Angeweza kuivua siku hiyo na kukiri. Lakini kilikuwa kimezuka kitu kitamu kuliko sifa. Mama, ambaye kwa kawaida alirudi nyumbani amechoka na kulala na viatu, sasa aliwahi kurudi. Alimshika Kipanga kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama kwa muda mrefu. Basi alipompima tena, Kipanga akauacha mstari mmoja zaidi wa herufi. Na mara iliyofuata, mwingine.

"Leo hutakwenda shule," mama alisema ghafla asubuhi ile mezani, akiweka kikombe chini. "Unakuja nami. Mkufunzi wetu mgeni ataangalia watoto wenye matatizo magumu, na kila daktari anapeleka mmoja. Macho yako yanaharibika haraka mno, mwanangu. Silali nikiwaza."

Kipanga aliurudisha mkate sahanini.

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa nyuma ya hospitali. Nje yake palikuwa na ujia mwembamba wenye benchi refu, na hapo muuguzi mwenye mikono baridi alimtia Kipanga matone ya dawa machoni. Yalichoma.

"Ya nini haya, dada?" Kipanga aliuliza, akifuta mashavu. "Mama hakunitia siku zile."

"Hakukutia?" Muuguzi alishangaa kidogo. "Yanalegeza misuli ya jicho. Halafu daktari anamulika kwa taa na kujua mwenyewe jicho linaona vipi. Wewe huulizwi kitu. Hata mtoto asiyejua kusema tunampima hivyo hivyo."

Muuguzi akaenda zake. Kipanga alibaki pale. Alianza kupanga ugonjwa wa haraka. Jino lingefaa. Au tumbo, ambalo wakati ule halikuhitaji hata kuigizwa.

Kwenye benchi lilelile alikaa fundi cherehani, uzi mweupe umemganda kwenye shati, pamoja na binti yake mdogo. Mtoto huyo alikuwa akitazama picha kwenye kiberiti, amekileta karibu na jicho mpaka kikagusa kope. Alipochoka na kiberiti akamsogelea Kipanga vivyo hivyo, uso kwa uso, mpaka pumzi zao zikagusana.

"Una miwani," mtoto alisema. "Wewe unamwona mwalimu?"

"Namwona."

"Mimi namsikia tu."

"Muache dada yako apumzike," fundi alimvuta binti yake taratibu, kisha akamweleza Kipanga kama mtu anayeomba radhi. "Jicho lake moja ni dhaifu sana kuliko jingine. Wanasema likizidi kucheleweshwa litazembea kabisa, hata miwani isisaidie. Daktari wetu alikuwa ametupa nafasi ya kumwona huyu bingwa mgeni, na bingwa anaondoka leo jioni. Lakini kila daktari ana nafasi moja tu, na imetokea dharura. Kuna mtoto mwingine ambaye macho yanamharibika kwa kasi ya ajabu. Tumekuja hivyo hivyo, labda muda utabaki." Akashusha pumzi. "Mungu amsaidie mtoto huyo, popote alipo."

"Amina," alisema Kipanga.

Neno lilimtoka lenyewe, na likamwacha na ladha mbaya mdomoni.

Dawa ikaanza kufanya kazi. Alipoinua uso, ukuta wa mbele ulikuwa umeyeyuka kuwa ukungu. Akashusha miwani kidogo puani, akachungulia juu yake, na bango la mbali likawa safi, kila herufi mahali pake. Sasa macho hayakuweza tena kupigana na lenzi zisizo zao. Kwa mara ya kwanza tangu adanganye, Kipanga kweli alikuwa haoni kwa sababu ya miwani.

Mlango ukafunguliwa. Mama alimwita, na Kipanga akaingia akichungulia juu ya fremu ili asijikwae.

Ndani, madaktari watu wazima walikaa kwenye madawati kama darasa lolote: mmoja anasinzia nyuma, wawili wananong'onezana. Mbele alisimama mkufunzi, mwanamke mzee mfupi mwenye sauti kavu. Mama alimkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akasimama wima kando yake, akaeleza jinsi uoni wa mtoto huyu ulivyoshuka. Sauti yake ilikuwa ya kazi, lakini mkono mmoja alikuwa ameuweka begani mwa Kipanga.

"Daktari," mkufunzi alimkatiza, "vipimo hivi ulimtia matone?"

Mama alilitazama faili lake.

"Nakuuliza kwa sababu vinashuka kama ngazi. Ulimmulika kwa taa?"

"Hapana, mwalimu. Nilimpima kwa herufi."

"Mara zote?"

"Mara zote."

"Na angekuwa mtoto wa jirani?"

"Ningemtia matone siku ya kwanza," mama alisema polepole. "Huyu ni mwanangu. Niliamini anachoniambia."

Yule aliyekuwa anasinzia akaamka. Mtu fulani alikohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Kipanga alimtazama mama yake, mtu anayefunguliwa geti, amesimama ameinamisha kichwa mbele ya wenzake kama mwanafunzi aliyekosa hesabu ubaoni. Hata kwa mboni zilizopanuliwa na dawa, aliuona uso wa mama ukigeuka na kukwepa nyuso za watu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikuonyesha nia hiyo.

"Hajakosea," Kipanga alisema.

"Sema kwa sauti," mkufunzi alimwambia.

"Mama hajakosea. Mimi nilikuwa nadanganya. Herufi zote nilikuwa naziona." Akavua miwani. Mikono yake haikujua pa kuiweka. "Nilitaka kuvaa miwani tu. Halafu... halafu mama akawa anawahi kurudi nyumbani."

Mkono uliokuwa begani mwake uliondoka.

Hakuna aliyecheka sasa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mkufunzi alichukua taa yake, akammulika jicho moja, kisha la pili.

"Macho mazima," alisema hatimaye. "Kosa mmefanya nyote wawili, wala usimbebee mama yako la kwake. Wenzangu, andikeni: linalotujia ni jicho, hata kama tumelizaa sisi. Tunalipima lote." Akamgeukia Kipanga. "Na wewe, bado umekalia kiti cha mtu?"

Kipanga alishuka. "Yuko nje. Naomba nimwite mimi."

Alipofika kwenye benchi, maneno yote mazuri aliyoyapanga yalikuwa yamekimbia. "Baba," alimwambia fundi, "ni zamu yenu. Yule mtoto wa dharura... ni mimi. Sina ugonjwa. Nilidanganya. Nisamehe."

Fundi alikung'uta uzi kwenye shati lake. Hakupandisha sauti.

"Nilikuombea, mwanangu," alisema. Kisha akamshika binti yake mkono, wakaingia.

Kipanga alikaa peke yake kwenye benchi na kulia, na safari hii hakukuwa na matone ya kusingizia.

Mtoto yule alichukua muda mrefu. Kupitia mlango uliofunguliwa nusu Kipanga aliwaona madaktari wakiinama mmoja baada ya mwingine, mama yake akiwa wa kwanza. Aliwasikia wakishauriana: miwani tangu sasa, jicho zuri lizibwe kila siku kwa muda ili lile zembe lijifunze kazi, na habari ya upasuaji isubiri mpaka akomae. Walikuwa hawajachelewa. Fundi alitoka akitabasamu, binti yake amemshika kwa mkono mmoja, kwa mwingine akipapasa njia.

Jioni mama aliliacha gari hospitali, akarudi nyumbani na bintiye kwa miguu. Mwanga ulimuumiza Kipanga, naye alitembea ameinamisha kichwa, jambo ambalo angelifanya hata bila mwanga.

"Kesho utamweleza mwalimu wako mwenyewe," mama alisema. "Na uwanja utafagia mpaka muhula uishe."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi, ukinihitaji, sema unanihitaji. Nitajitahidi kuwahi bila wewe kupofuka."

Wakatembea kidogo.

"Nisikilize, mwanangu. Jicho nina taa ya kulipimia. Likinificha kitu, namulika, najua. Lakini neno lako halina taa. Siwezi kukutia matone ili nijue kama unasema kweli. Ninachoweza ni kukuamini, basi. Ukiniharibia hicho, sina kifaa kingine hospitali nzima. Na umeona leo, uongo wako mdogo wa kuchekesha ulikwenda kukalia nafasi ya mtoto usiyemjua. Uongo haukai nyumbani kwa aliyeuzaa."



Karibu na mlango mama alisimama akatafuta funguo. "Kichwa kinakuuma bado?"

"Hapana, mama. Kimeacha."

Mama alimtazama kidogo kabla ya kuitikia kwa kichwa. Zamani angeitikia papo hapo. Kipanga aliupima muda ule mfupi, akajua kwamba kuanzia siku hiyo kazi yake ni kuufupisha, kweli moja baada ya nyingine, na kwamba ingemchukua muda mrefu.