Risiti za Mguu wa Fundi

Mkwe wangu ni fundi cherehani. Mguu wake wa kulia ndio unaokanyaga cherehani. Siku moja alikuwa anavuka barabara, suruali ya mteja mkononi. Gari likamgonga. Mguu huohuo ukavunjika. Suruali haikupata hata doa, na hilo aliwasimulia wagonjwa wote wodini.

Alirudi nyumbani na magongo.

"Mguu unataka mazoezi ya tiba," daktari alikuwa amemwambia. "Usipofanya, utakauka kama mwiko."

Lakini pesa zote ziliishia hospitali. Binti yangu akalia.

Jirani yetu, karani wa mahakama, akaja kumjulia hali.

"Fundi, gari lile lina bima?"

"Linayo, dada. Polisi waliandika."

"Sasa mnalia nini? Sheria imebadilishwa. Zamani ulisubiri kesi iishe ndipo ulipwe. Siku hizi bima ya gari inalipa matibabu kwanza, fidia baadaye. Ila upeleke madai kabla ya siku tisini, pamoja na risiti. Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya themanini na moja," binti yangu akajibu. "Mume wangu, risiti ziko wapi?"

Fundi akatazama dari.

"Zipo. Ila nimezikata kola."

"Umezikata nini?"

"Karatasi ya hospitali ni ngumu, mke wangu. Inafaa kupimia kola."

Akazitoa. Risiti ya picha ya mguu ilikuwa kola ya mtu mnene. Ya dawa, kola ya mtoto. Karani akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ukipeleka hizi, watauliza shati limelazwa wodi gani!"

"Ndiyo basi tena?" fundi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Hapana. Nenda ofisi ya malipo ya hospitali, uombe nakala zenye muhuri. Chukua ripoti ya polisi na fomu ya daktari. Ukifika bima, nakala yako igongwe muhuri kwamba wamepokea. Na mkasi uache nyumbani!"

Walihangaika wiki nzima. Siku ya themanini na nane, karatasi zikapokelewa. Bima ikawarudishia pesa za hospitali, ikalipa na mazoezi.

Jana nilisikia cherehani inalia. Nikachungulia. Mguu wa kulia unapanda, unashuka.

"Mama, njoo uone!" mkwe wangu akaniita. "Haujasahau kazi hata kidogo!"